Dominika ya 23 ya Mwaka C: Kuketi Wawili Kabla ya Kujenga



Wapendwa wasikilizaji, tunawasalimu popote mlipo asubuhi hii ya Dominika: ninyi mlioketi karibu na redio mkisubiri kengele ya pili, ninyi wagonjwa mlioshindwa kufika kanisani, nanyi makatekista ambao muda si mrefu mtaongoza ibada katika vigango ambavyo padre hatafika leo. Masomo yetu yametoka katika Kitabu cha Hekima, sura ya 9; Zaburi ya 90; Waraka kwa Filemoni; na Injili ya Luka, sura ya 14, aya ya 25 hadi ya 33. Tutakaa zaidi katika Injili, na ndani ya Injili tutakaa katika mfano mmoja mfupi, ule wa mtu anayetaka kujenga mnara.

Bwana wetu anatukumbusha kwamba mjenzi mwenye akili huketi kwanza, akahesabu gharama, akajiuliza kama alicho nacho kitatosha mpaka mwisho. Asipofanya hivyo msingi utabaki msingi, na wapita njia watapata la kuchekea. Msikilizaji wa Kasulu au wa Kibondo hahitaji padre wa kumfafanulia maneno hayo. Apande baiskeli, atoke Kasulu mjini kuelekea Makere, aendelee mpaka Busunzu, ahesabu njiani kuta zilizofika usawa wa linta zikaishia hapo. Ndani ya vyumba majani yameota, na mmaboga umetambaa ukachungulia dirishani. Kila ukuta wa namna hiyo una historia yake, na mara nyingi ni historia ya watu wawili.

Ni mwezi Septemba sasa. Mahindi na maharage yamekwisha kuvunwa na mengi yamekwisha kuuzwa, matanuri ya matofali yamepoa, mafundi wanatafutwa kila kijiji, na mvua za kwanza haziko mbali. Huu ndio wakati ambapo mume na mke wa nchi yetu ya juu huulizana: mwaka huu tufanye nini katika nyumba? Au, kwa bahati mbaya, ndio wakati ambapo hawaulizani.

Kiangazi fulani tulialikwa kubariki nyumba mpya katika kigango kimoja cha mlimani, upande wa Kasulu. Jina la kigango tunaliacha, maana wenyewe wangali hai na huenda wanatusikiliza. Mwenye nyumba alikuwa mwimbaji wa kwaya, mkewe mwanachama wa WAWATA. Nyumba ilikuwa ya kupendeza kweli: matofali ya kuchoma, bati jipya linalong'aa hata ukaliona kutoka ng'ambo ya bonde, ukuta wa mbele umepakwa rangi ya samawati, na sebuleni viti vimevikwa vitambaa vilivyodariziwa. Tulivaa stola, tukasali, tukaanza kunyunyiza maji ya baraka chumba kwa chumba. Tulipofika mlango wa nyuma tukaona uani kibanda cha nyasi kilichoinamia upande mmoja, moshi ukitoka kila mahali. Tukaelekea huko. Mwenye nyumba akatushika mkono kwa adabu, akasema, "Padre, huko si nyumba, ni jikoni tu."

Mkewe alikuwa amesimama penye mlango wa kile kibanda, mtoto mgongoni, mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi. Alisikia. Hakusema neno, akainama, akasukuma kuni kati ya mafiga.

Wapendwa, tulinyunyiza maji na jikoni, lakini chakula cha siku ile hakikutushuka vizuri. Baada ya kula tulikaa faragha na yule bwana tukamwuliza alipangaje kazi yake. Alitujibu kwa unyoofu, akatuletea na karatasi. Alikuwa ameandika yote: idadi ya matofali, mifuko ya saruji, mabati na misumari, ujira wa fundi, madebe ya rangi. Hesabu ilikuwa sahihi kuliko hesabu nyingi tunazoletewa parokiani. Aliketi kwanza, kama Injili inavyotaka. Ila aliketi peke yake. Mama yule, ambaye ndani ya nyumba ile anatumia saa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, alikuja kuona sebule ya samawati siku moja na majirani.

Mtu wa mfano wa Bwana aliweza kuketi peke yake. Pengine mnara wake ulikuwa wa mlinzi wa shamba la mizabibu, na juu ya mnara hakuna anayepika wala anayeogesha watoto. Nyumba ya mume na mke ni jambo jingine. Tulipowafungisha ndoa tulimwuliza kila mmoja kwa jina lake, na kila mmoja alijibu kwa kinywa chake. Hatukumwuliza mume peke yake kisha tukaandika kitabuni kwamba mke naye ameridhia. Ridhaa ile ya wawili ndiyo iliyofanya ndoa. Basi kwa nini isisikike tena siku ya kununua saruji?

Tuwe wa haki kwa akina baba. Mazoea ya kujenga peke yake yana mizizi yake katika nchi hii. Wakati wa ukoloni wanaume wengi wa Buha walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakakaa huko miezi na miaka. Aliyerudi alirudi na fedha na fikra ya nyumba aliyoitunga akiwa mbali. Tena kuanzia mwaka 1972, Operesheni Kigoma ilipowahamisha watu kwenda vijijini kando ya barabara, nyumba zilijengwa kwa haraka, na nani alikuwa na nafasi ya kuulizana dirisha likae wapi? Leo mume yuko kwenye tumbaku Urambo, au kwenye dhahabu Kahama, au Dar es Salaam. Fedha anaituma kwa simu pamoja na amri: nunua bati, mwite fundi fulani. Mke anakuwa msimamizi wa nyumba ambayo hakuipanga. Na fedha ikipungua ndiye wa kwanza kushukiwa. Ndoa ngapi tumezipatanisha ambazo ugomvi wake ulianza na mifuko miwili ya saruji isiyojulikana ilikokwenda!

Simu ile ile iliyoleta fedha inaweza kuleta shauri. Yule aliye mbali na aanze kwa kuuliza: nyumba inawasumbua wapi? Na aliye nyumbani ajibu kweli, asijibu "ni sawa tu, baba watoto" huku mtoto analala penye matone.

Kuketi wawili maana yake nini? Hatuna shule ya ujenzi, lakini tumeketi na wanandoa wengi, na tumeona yanayosaidia. Kwanza watembee. Kabla ya kushika kalamu, mume na mke waizunguke nyumba yao pamoja, ndani na nje, polepole, kama watu wanaonunua nyumba ya mtu mwingine. Mke aonyeshe anapojikwaa akibeba ndoo ya maji usiku. Mume aonyeshe mchwa alipoanza kupanda kwenye fremu ya mlango. Tuliwahi kumshauri baba mmoja apike ugali na maharage kwenye jiko la mkewe jioni moja tu, kwa kuni zile zile mbichi. Alitucheka. Baadaye alituambia kwamba alipika, na kwamba kesho yake alikwenda kutafuta fundi wa jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi. Hatujui kama ugali uliiva.

Kisha waketi na daftari. Wasiketi mbele ya fundi, maana mbele ya fundi kila mmoja anaona aibu kusema kwamba fedha haitoshi. Wala wasiketi mbele ya wakwe. Waandike kila kinachouma, kikubwa na kidogo, na mbele ya kila jambo waandike nani anaumia nalo. Tumeona daftari za namna hii. Mara nyingi ukurasa wa matatizo ni mrefu na ukurasa wa fedha ni mfupi, na hapo ndipo upendo wa ndoa unapopimwa, kwa sababu lazima mmoja amwambie mwenzake: haya, langu lingoje mwaka ujao, lako litangulie.

Kuna na utaratibu ambao mvua yenyewe imeuweka, nao haujali mume anataka nini wala mke anataka nini. Paa hutangulia. Bati lililotoboka, msumari uliolegea, kofia iliyoinuka na upepo, hayo yashughulikiwa kabla ya yote. (Na akina baba wajue dukani kwamba bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, ijapokuwa namba yake ni kubwa, wengi wamenunua namba.) Baada ya paa ni maji yanayotoka paani: yanaangukia wapi? Nyumba zetu za mlimani zinaliwa kuanzia chini, matone yakichimba udongo penye msingi, ukuta ukilowa, ufa ukipanda. Mtaro mmoja uliochimbwa kwa jembe, wenye mteremko mzuri, hauna gharama ila jasho, nao huokoa nyumba kuliko debe kumi za rangi. Ndipo nyufa zizibwe, ndipo lipu, ndipo sakafu. Rangi huja mwisho, juu ya ukuta uliokauka.

Hapa tunaungama kosa letu wenyewe. Katika parokia moja tuliyoihudumia, miaka mingi iliyopita, tulitangaziwa kwamba Baba Askofu anakuja kutoa Kipaimara. Kamati ikakutana. Paa lilikuwa linavuja juu ya sakristia, na akina mama wa kamati walisema hivyo wazi. Sisi tukasema kwamba paa halionekani kutoka barabarani. Tukapaka rangi ukuta wote wa mbele, nyeupe na njano, ikapendeza sana siku ya Kipaimara. Kufika Noeli rangi ile ilikuwa inabanduka kwa vipande vikubwa kama maganda ya ndizi, na kanzu mbili zilikuwa zimeoza kabatini. Kwa hiyo tunapomsema yule mwimbaji wa kwaya na sebule yake ya samawati, tunasema tukijijua.

Tungekuwa tumesoma Kitabu cha Walawi, sura ya 14, tungepata akili mapema. Imeandikwa huko kwamba nyumba ikiota madoa ya kijani au mekundu ukutani, mwenye nyumba amwite kuhani. Kuhani alikwenda kukagua ukuta! Vyombo vilitolewa nje kwanza, nyumba ikafungwa siku saba, akarudi kutazama kama madoa yameenea. Yakienea, mawe mabovu yalitolewa, kuta zikakwanguliwa ndani, yakawekwa mawe mengine, zikapakwa udongo mpya. Hapana mahali anapoagizwa kuyafunika madoa kwa chokaa.

Hata hivyo asiondoke mtu akidhani kwamba Kanisa linadharau urembo wa nyumba. Wako akina baba ambao mke akitaja pazia, wanasema ni ubadhirifu. Akiomba udongo mweupe wa kupaka kuta kwa Pasaka, wanasema kuta hazili. Ndugu, katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 35, tunamsoma Bezaleli, fundi aliyejazwa Roho wa Mungu. Na ujuzi aliopewa ulikuwa wa kuchonga, kufua dhahabu na kufuma vitambaa vya rangi. Mke hodari wa Kitabu cha Mithali anajitengenezea matandiko mazuri. Mwanadamu hakuumbwa aishi katika ghala. Mke anayekandika ukuta wake kwa mikono yake, akachora kwa udongo mwekundu ua moja juu ya mlango, anawafundisha watoto wake kwamba wao ni watu na kwao ni mahali. Basi katika daftari lile uwepo mstari wa urembo, hata uwe mdogo. Nani achague rangi? Katika hili sisi mapadre si washauri wazuri, kwa maana nguo zetu tumechaguliwa tangu zamani. Tunajua tu nyumba moja pale Kibondo ambapo mume alitaka kijani na mke alitaka njano, wakanuniana wiki mbili, mwishowe wakapaka chumba cha kulala njano na sebule kijani. Na sasa kila mgeni anasimuliwa kisa hicho kwa kicheko.

Lakini yako mambo ambayo hayaishii katika kicheko. Mama anachukua mkopo wa kikundi, VICOBA, ananunua makochi bila mume kujua, na siku ya marejesho mbuzi wa mtoto wa shule wanauzwa. Baba anapokea fedha za kahawa, anaweka msingi wa nyumba nyingine mahali ambapo mke hapajui. Tunasema kwa uchungu: fedha iliyofichwa haijengi nyumba ya ndoa, hata ikigeuka matofali.

Tena yako maneno magumu ya Injili ya leo, ambayo hatuna ruhusa ya kuyaruka. Bwana anasema kwamba ajaye kwake lazima awachukie baba na mama, mke na watoto, ndugu zake, na hata nafsi yake. Kuchukia katika usemi wa Wayahudi ni kupenda kwa nafasi ya pili. Mathayo, katika sura ya 10, anaeleza neno hilo hilo kwa kusema juu ya kuwapenda wengine kuliko kumpenda Kristo. Hakuna ndugu atakayewekwa mahali pa Kristo. Na mtu aliyeahidi mbele ya Kristo kuambatana na mkewe hawezi kuwaacha kaka zake waitawale ahadi hiyo. Katika vijiji vyetu nyumba nyingi zimejengwa juu ya kiwanja cha ukoo. Mke analeta maji ya kufyatulia matofali kwa kichwa chake, anawapikia mafundi, anauza maharage yake kununua misumari. Siku mume akifa, anaambiwa kwamba yeye ni mgeni.

Upande wa Kibondo tulimzika mwanamume mmoja, Mkristo mwema. Kabla ya misa ya arobaini ndugu zake walikuwa wamekwisha kuyahesabu mabati. Hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina la mjane: si risiti, si mhutasari wa kijiji, si wosia. Mama yule aliondoka na watoto watatu na masufuria. Tulisema na ndugu wale tukiwa tumevaa stola, tukasema nao tukiwa hatuna stola, hawakusikia.

Makatekista, liandikeni hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani nazo zihesabike kuwa mchango katika mali ya ndoa. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke pamoja. Katika mafundisho ya ndoa tunawafundisha vijana sala na amri. Wafundisheni na hili, maana mume anayempenda mkewe hamwachi mikononi mwa huruma ya shemeji. Wakati wa kuliandika jina ni sasa, kiangazi hiki, wakati wote wawili wana afya na wanacheka kuhusu rangi.

Somo la kwanza limeutaja mwili wetu kuwa ni hema la udongo linaloielemea akili. Nyumba zetu nazo ni udongo, uwe umechomwa au haukuchomwa. Na Bwana anamalizia Injili yake kwa kutudai tuwe tayari kuviacha vyote tulivyo navyo. Baba mmoja alituuliza, kama ni vya kuachwa, kwa nini tuhangaike kujenga? Tulimjibu kwamba mkewe na watoto si miongoni mwa vitu, nao wanalowa. Zaburi ya leo inamwomba Mungu aithibitishe kazi ya mikono yetu. Haituombei tukunje mikono.

Turudi kwa mwimbaji wetu wa kwaya. Hatukumhubiria mengi siku ile. Tulimwambia tu, "Ile karatasi yako ni nzuri, mwonyeshe na mama, kisha mpe kalamu." Viangazi viwili vilipita. Tulisikia kwamba sebule yake bado haina dari, na kwamba wenzake wa kwaya walimtania kwa hilo. Ndipo tukaitwa tena kubariki. Tulipofika, ile samawati ya mbele ilikuwa imepauka na vitambaa vya viti ni vile vile. Mama akatupokea mkoba, akatuzungusha nje ya nyumba mpaka uani, penye jiko la matofali mabichi yaliyopigwa lipu ya udongo, madirisha mawili, bati juu, bomba la moshi limesimama wima.

"Leo, Padre, unaanzia huku," alisema.

Mumewe alikuwa ndani, amechuchumaa, anapuliza moto.

Tumsifu Yesu Kristo.